Vidonge vya Refa

Kwenye zahanati ile hakuna mgonjwa aliyemjua kwa jina. Walichojua ni mikono yake, maana ndiyo iliyokuwa ikitokeza kwenye kidirisha cha dawa: mikono myembamba, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama, saa imegeuzwa uso kwa ndani. Kioo cha kidirisha kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe nusu, basi mgonjwa mrefu aliona nywele zake na mgonjwa mfupi hakuona kitu. Wakamwita Dada wa Dirishani. Wenzake kazini nao wakalidaka jina hilo, wakalifupisha: Dada Dirisha. Naye aliitika.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya kioo kile. Hakuolewa. Zamani palikuwa na mtu, akahamishwa kikazi, barua zikapungua mpaka zikaisha, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Wazazi walikwisha kutangulia. Aliyebaki ni dada yake mkubwa, aliye mbali, mwenye watoto watano na sauti ya kujaza uwanja, ambaye alimpigia simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana na kuongea peke yake robo saa nzima. Chumba cha Dada Dirisha kilikuwa uani, mlango wa mwisho. Hakuwa na ugomvi na mpangaji yeyote, wala urafiki wa kutajika.

Kazini alijulikana kwa jambo moja: hakukosea. Alihesabu vidonge kwenye trei kwa kijiti bapa cha plastiki, vitano vitano, akavimimina kwenye bahasha ya karatasi, akaandika: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Kisha akasema sentensi yake ileile: "Umalize zote, hata ukijisikia umepona." Miaka kumi na tisa. Wenzake walitania kwamba hata ukimwamsha usingizini ataendelea kutoka kumi na tano.

Siku jambo lilipotokea ilikuwa Jumanne ya mwisho wa mwezi, foleni imetoka nje mpaka kwenye bomba la maji. Mbele yake palikuwa na bahasha mbili, moja ya mgonjwa wa sukari, nyingine ya mama mmoja wa presha. Simu ya ofisini ikalia. Akaipokea, mtu akakata, akarudi kwenye bahasha zake. Akampa mama wa presha bahasha ya sukari.

Mama yule hakuondoka. Alifungua palepale, akachungulia, akasema kwa upole kama vile yeye ndiye mwenye kosa, "Dada, samahani. Mbona vya leo vikubwa? Vyangu huwa vidogo."

Basi ni hayo tu. Bahasha ikarudi ndani, nyingine ikatoka, mama akashukuru akaenda zake. Mfamasia mkuu, mwanamume mtaratibu aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, alisikia kila neno kutoka mezani kwake. Akasema, "Bahati nzuri ameona. Tuendelee."

Hakumkaripia. Hakuandika popote. Na hapo ndipo penye kisa, maana kama angekaripiwa, angelia, angejitetea, angenuna siku mbili, na jambo lingepata mwisho wake. Halikupata mwisho. Lilimwingia kama mwiba unaovunjikia unyayoni: juu huoni kitu, lakini kila hatua unaijua.

Jioni ile alikuwa anaosha sahani yake. Akawaza: na kama yule mama asingefungua? Angekunywa asubuhi, angeanguka jikoni. Jiko lingekuwa limewashwa. Watoto wangekuwa shuleni. Mawazo hayakumjia kama mawazo. Yalikuja kama foleni ya zahanati, kila moja na cheti chake mkononi, kila moja linasema limewahi kabla ya mwenzake. Moyo ukaanza kwenda mbio. Kijasho chembamba kikamtoka, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana kana kwamba mtu amekikalia. Akaketi sakafuni, ameshika ukingo wa ndoo, akaamini anakufa. Hakufa. Alipoinuka povu la sabuni lilikuwa limekwisha na maji yamepoa.

Hali ile ikarudi siku ya tatu. Ikarudi tena siku ya tano, mara hii akiwa kazini, akajifungia stoo ya dawa akisingizia kutafuta maboksi. Akaenda kwa daktari. Wakamlaza, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye vilima vidogo vidogo. Daktari, kijana mwenye haraka, akaiangalia mara moja.

"Moyo wako mzima kabisa, dada. Punguza mawazo."

Punguza mawazo! Kana kwamba mawazo ni chumvi.

Jumapili akajaribu kumweleza dada yake. Alifika nusu ya habari. "Ni uchovu huo, mdogo wangu," dada yake akasema. "Kula vizuri, sali, usifikirie sana. Halafu nikwambie alichofanya huyu wa tatu wangu..." Na simu ikaendelea na safari yake.

Basi akajitafutia dawa mwenyewe, na dawa yake ikawa kuhakikisha. Alianza kuhesabu mara mbili. Baada ya wiki, mara tatu. Kisha akawa anafunga bahasha, anaifungua, anavimwaga vidonge na kuanza upya. Foleni ikarefuka. Siku moja mwanamume mmoja mwenye mkongojo akaita kutoka nyuma, "Dada, hizo dawa unazihesabu au unazifundisha kusoma?" Watu wakacheka. Yeye aliinamia trei yake. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye hata hakuumwa, nyoka alipita tu pembeni, lakini sasa kila kamba ilikuwa na meno.

Kisha ikaja siku ambayo kuhesabu hakukutosha. Alikuwa amefika nusu ya njia kurudi nyumbani, akakumbuka mzee mmoja aliyemhudumia mchana. Vidonge vya presha. Bahasha aliandika kimoja au viwili? Akasimama kando ya barabara akijaribu kuuona mwandiko wake akilini. Kila alipofumba macho aliona namba tofauti. Akageuka, akarudi zahanati, akafungua rejista, akanakili anwani kwenye kiganja.

Nyumba ilikuwa nyuma ya banda la fundi wa matairi. Aliyefungua mlango ni mzee mrefu, mgongo umenyooka kama rula, soksi nyeupe amezivuta hadi magotini japokuwa miguuni ana ndala.

"Shikamoo. Natoka zahanati," Dada Dirisha akasema. "Tuna utaratibu mpya. Tunawafuatilia wagonjwa nyumbani."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza wa kikazi, na ulitoka laini kuliko alivyotegemea.

"Marahaba. Kumbe kuna mtu bado ananikumbuka!" mzee akasema. "Pita, pita. Angalia kizingiti, kimewaangusha wengi."

Bahasha ilikuwa juu ya meza. Kimoja asubuhi. Kimoja tu, kwa mwandiko wake mwenyewe, mzuri, usio na shaka. Nafuu iliyomshukia ilikuwa tamu kama maji baridi kwa mtu aliyefunga siku nzima. Alikaa kidogo kwa adabu, akasikiliza. Mzee alikuwa refa wa mpira, miaka ishirini na miwili ya filimbi, na mtaa mzima ulimwita Refa. Mkewe alifariki. Mwanawe wa pekee anaishi mji mwingine. Sifa yake ilikuwa moja, nayo si nzuri: miaka kumi na minane iliyopita, kwenye fainali, dakika ya themanini na nane, alitoa penalti dhidi ya timu ya nyumbani. Wakafungwa. Tangu hapo watu wakipita mbele ya mlango wake walipiga mluzi.

"Nilikuwa nakasirika sana," akasema Refa. "Sasa waliokuwa wakipiga wamehama, wengine wamekufa. Mluzi umekwisha. Afadhali ule."

Nafuu ya Dada Dirisha ilidumu mpaka kesho yake saa sita mchana. Mchana huo akawa na shaka juu ya sharubati ya kikohozi ya mtoto mmoja, na jioni akaenda kugonga mlango mwingine. Wiki iliyofuata aligonga milango minne. Iliyofuata, saba. Kuna waliomkaribisha, kuna waliomtazama kwa jicho la pembeni. Mwanamke mmoja alimvuta kando, akamuuliza kwa kunong'ona kama mumewe ana ugonjwa ambao wamemficha. Akarudi nyumbani akiwa amechoka hadi kwenye mifupa, miguu ina vumbi, kichwa kimetulia kwa saa chache tu, kisha mduara unaanza.

Nyumba ya Refa aliirudia kila wiki. Refa hakukosa swali. Mara vidonge vinywewe na maziwa au maji? Mara akisahau cha asubuhi anywe viwili? Dada Dirisha alijibu, akaangalia bahasha, akahesabu vilivyobaki. "Kila kitu kiko sawa, mzee," alisema wiki ya nne. "Sasa nadhani sitakuja tena mpaka mwezi ujao."

Refa akasema, "Haya." Neno hilo tu.

Lakini siku tatu hazikupita, shaka ikamrudisha. Alipovimimina vidonge kiganjani na kuvihesabu, vilipungua vinne. Akahesabu tena. Vinne.

"Mzee, umekunywa vingapi leo?"

Refa akatupa jicho kabatini.

"Vingapi? Niambie! Vingapi?" Sauti yake haikuwa yake. Chumba kikaanza kumzunguka, hewa ikawa haifiki chini. Vidonge vikamwagika sakafuni. Akashika meza, meza ikasogea, akaanguka kwenye kiti mkono uko kifuani, akihema kama mtu aliyetolewa majini. Alisikia Refa akiita, "Mwanangu! Mwanangu, vipi?" kwa sauti ya mbali sana, kisha kelele za kabati kufunguliwa. Refa alirudi ameshika kopo la majani ya chai. Akalipindua juu ya meza. Katikati ya majani meusi vilitokea vidonge vinne vyeupe.

"Hivi hapa. Sijavinywa. Niliviondoa."

Ilimchukua muda mrefu kupata pumzi ya kuuliza. "Kwa nini?"

Refa alikuwa amesimama wima kama aliye katikati ya uwanja, lakini macho yake yalikuwa chini. "Ulisema kila kitu kikiwa sawa huji mpaka mwezi ujao."

"Mzee, umeichezea roho yangu!"

"Nimekosa, mwanangu."

Dada Dirisha akatoka bila kuaga. Alilia njia nzima, jua bado liko juu, watu wakimpisha. Alipofika kwenye mlango wake wa mwisho uani, hasira zilikuwa zimeanza kupoa, na chini yake palikuwa na jambo jingine. Yule mzee alidanganya ili apate mtu. Na yeye je? Utaratibu mpya uko wapi? Nani aliyemtuma?

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alikwenda chumba namba tisa.

Chumba hicho kilikuwa mwisho wa korido ya zahanati yao wenyewe, na watu waliingia humo wakijifanya wamepotea njia. Ndimo walimotibiwa wenye maradhi ya akili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewapa dawa zao kwa sentensi ileile kama wengine, na hakuwahi kuwaza walivyokuwa wanatembea kufika pale. Sasa alijua. Unatembea karibu na ukuta.

Muuguzi wa chumba tisa alikuwa mama mnene, aliyekaribia miaka sitini, anayevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu humvimba. Alimtazama Dada Dirisha, akaenda kufunga mlango kwa soksi zake.

"Nilikuwa nakusikia dirishani," akasema. "Zamani ulikuwa unasema 'umalize zote' mara moja. Siku hizi unasema mara tatu. Nikajiambia, huyu atakuja. Mficha maradhi, unajua mwenyewe. Kaa, mdogo wangu. Lilianza lini?"

Akamweleza yote, hata milango, hata uongo, hata kopo la majani. Muuguzi hakusema punguza mawazo. Alichukua cheti kilichoharibika, akakigeuza, akachora kilima.

"Wasiwasi unapanda hivi. Mwili unadhani kuna simba: moyo unakimbia, jasho linatoka, pumzi inakata. Unaumiza, lakini hauui. Wewe ukifika hapa katikati, unakimbilia bahasha. Ukiona iko sawa, unashuka. Ni kweli unashuka. Ila hujawahi kufika juu ukaona kwamba kilima kina upande wa pili, kinashuka chenyewe. Na kila ukikimbia, mwili unasema: umeona? Simba alikuwepo, ndiyo maana tumekimbia."

"Na kama kweli nimekosea dawa?"

"Unaweza kukosea," muuguzi akasema. "Siwezi kukuahidi hutakosea. Hata ukihesabu mara mia."

Lilikuwa neno la kutisha, na pia lilikuwa neno la kwanza la kweli aliloambiwa tangu Jumanne ile.

Kisha muuguzi akamwekea mambo ya kufanya, kwa mpangilio wake mwenyewe uliovurugika, akirudi nyuma kila alipokumbuka kitu. Vidonge vihesabiwe mara moja, kwa sauti. Bahasha isomwe mbele ya mgonjwa, naye mgonjwa aifungue aone. "Hiyo ni kazi. Ukirudia, huo sasa ni wasiwasi." Pumzi ivutwe kwa hesabu ya nne, itolewe kwa hesabu ya sita, taratibu, kama anayepuliza chai ya moto. Ah, na chai yenyewe, vikombe vingapi kwa siku? Saba? Ya rangi nzito? "Saba! Halafu unashangaa moyo unacheza ngoma. Viwe viwili." Saa kumi na moja jioni akae na daftari robo saa, aandike kila kinachomtisha, na hofu ikimjia saa nyingine yoyote, aiambie ingoje zamu yake. "Wewe si mtu wa foleni? Zipange."

"Na nyumba za wagonjwa?"

"Usiende."

"Hata moja?"

"Hata moja." Muuguzi alikuwa anatafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. "Jioni unakaa na nani?"

"Nina dada yangu," Dada Dirisha akasema. "Jumapili."

Muuguzi akatikisa kichwa kidogo, akaandika kitu kwenye faili, hakumsomea.

Siku ya kwanza alimpa mama mmoja dawa ya matone ya mtoto mchanga, akahesabu matone kwa sauti, akamsomea mama bahasha, basi. Kufika nyumbani kilima kikaanza. Alikaa kitandani, mikono ameikalia ili isichukue mkoba. Moyo ulimpaa. Alipuliza chai isiyokuwepo, nne, sita, nne, sita. Alitaka kwenda, alitaka kwenda, alitaka kwenda. Aliangalia saa: dakika kumi, ishirini, thelathini na tano. Karibu na dakika ya arobaini, bila yeye kufanya lolote, mabega yakashuka. Akabaki ameketi pale, amelowa jasho, hasadiki.

Si kwamba ilinyooka hapo. Kuna jioni alirudi kutoka getini kuangalia rejista. Kuna siku alifika mpaka mlango wa mgonjwa, akainua mkono kugonga, akaushusha, akageuka. Alimweleza muuguzi kwa aibu.

"Kujikwaa si kuanguka," akajibiwa. "Mwezi uliopita ungekuwa umeshakaribishwa kiti."

Foleni ikafupika. Mfamasia mkuu akastaafu, wakamfanyia hafla ndogo, na Dada Dirisha akashika sahani mkononi nusu saa bila kukimbilia stoo. Daftari lake, lililoanza kwa kurasa tatu kila jioni, likawa linapata mistari minne, mitano. Kisha siku moja saa kumi na moja ilifika, akakaa na kalamu, akakosa cha kuandika. Akakaa tu. Akasikia bomba la uani likidondoka. Akasikia wapangaji wenzake wakiitana kula, mlango baada ya mlango, na hakuna sauti iliyofika mlango wa mwisho.

Hapo ndipo alipoelewa. Ukimya ule haukuingia leo. Ulikuwamo miaka yote, ameketi nao, amekula nao. Wasiwasi ulikuwa mgeni mbaya, lakini angalau ulikuwa mgeni: ulimpeleka kwenye nyumba za watu, ukampa sababu ya kugonga. Sasa umeondoka, na hakuna anayemtarajia popote. Aliandika mstari mmoja daftarini: *Sina pa kwenda.* Akautazama. Haukuwa hofu, kwa hiyo hakujua aupange foleni gani.

Mwisho wa mwezi mikono miwili mirefu ikaweka cheti dirishani, kisha kichwa kikainama mpaka usawa wa uwazi.

"Kumbe una uso," Refa akasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huji tena."

Alihesabu vidonge vyake, vitano vitano, kwa sauti, mara moja. Akasogeza trei, akaona mikono yake imetulia. "Niliumwa," akasema kwa sauti ya chini. "Si wewe uliyeniumiza. Nilikuwa naumwa tangu mwanzo. Hakuna utaratibu wowote, mzee. Nilikuwa nakuja kwa sababu ya hofu yangu. Sasa nimekatazwa kuangalia dawa za watu."

Refa akalipima jambo hilo. "Umekatazwa dawa, au umekatazwa watu?"

"Dawa."

"Basi nitazifunika kwa taulo."

"Refa!" mtu akaita kutoka nyuma ya foleni. "Muda wa nyongeza umekwisha, puliza filimbi!"

Foleni ikacheka, na Refa, badala ya kukasirika, akageuka taratibu kumtafuta aliyesema, uso umechangamka kama wa aliyeletewa barua.

Dada Dirisha alimuuliza muuguzi kama anaweza kwenda kwa Refa. Muuguzi alifikiri, miguu ikiwa juu ya kiti cha wagonjwa. "Unaenda kwa mtu au kwa vidonge?"

"Sijui."

"Nenda ukajue."

Akaenda Jumamosi mchana. Refa alikuwa amefagia, ameazima kiti cha pili kwa fundi wa matairi, na juu ya meza alikuwa ameweka taulo la kijani lililotuna katikati. Redio ilikuwa inatangaza mechi. Kwa robo saa walisikiliza, Refa akibishana na refa wa redioni ambaye hakumwona. "Advanteji hiyo! Acha wacheze, bwana!" Lakini Dada Dirisha hakusikia mpira. Alisikia taulo. Lilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa, na kilima kilikuwa kinapanda.

"Mzee," akasema, "sasa hivi natamani kulifunua taulo lile kuliko kitu chochote."

Refa akapunguza sauti ya redio. Hakumwambia atulie. Alivuta soksi yake moja, kisha nyingine.

"Mimi mechi yoyote ikifika dakika ya themanini na nane tumbo linanikata," akasema. "Hata ya watoto. Miaka kumi na minane. Niliona mkono umegusa mpira. Nilidhani nimeona mkono." Akamwangalia. "Wewe unadhani ulikuwa mkono?"

"Sikuwepo, mzee."

"Eeh. Hata mimi siku hizi sina hakika kama nilikuwepo."

Wakakaa. Hakuna aliyekuwa na dawa ya mwenzake. Redioni watu wakapiga kelele kwa ajili ya goli ambalo wote wawili walilikosa. Baada ya muda Dada Dirisha akagundua kwamba amekuwa akilitazama taulo kama taulo, na kwamba kwenye pindo lake kuna doa la chai.

Jumamosi zikawa zao kwa miezi saba. Hawakuongea sana. Alijifunza kujua maana ya kuotea, na mara moja alibisha, na alikuwa sahihi.

Kisha mwana wa Refa akaja, mtu mwema, mwenye mvi mapema, akasema baba hawezi kuendelea kukaa peke yake. Alifika dirishani kuulizia dawa za safari. Dada Dirisha alimweleza mara moja, akamsomea bahasha, akamwachia. Jioni alikwenda kuaga. Vitu vilikuwa vimeshafungwa na kiti cha pili kimerudi kwa fundi wa matairi, basi waliongea wakiwa wamesimama.

"Kule kwa mwanangu kuna watu saba," akasema Refa. "Sijui nitakaa wapi nisikilize redio."

"Utapata kona, mzee."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

Refa akampa mkono, rasmi, kama manahodha wanavyopeana kabla ya mechi.

Dada Dirisha bado yuko kwenye kidirisha kile. Kifua humbana bado, mara moja kwa wiki mbili, mara mbili akiwa amechoka. Hukaa na kilima kikapanda, kikashuka. Chumba tisa huenda mara moja kwa mwezi, na hutembea katikati ya korido. Jumapili moja, dada yake akiwa katikati ya habari za mtoto wa tano, alimkatisha kwa mara ya kwanza maishani. "Dada, leo naomba niongee mimi." Simu ilinyamaza muda mrefu mpaka akadhani imekatika. "Nipo," dada yake akasema, kwa sauti ndogo asiyoijua. "Nakusikiliza." Akaongea, na mwishoni dada yake alikuwa analia, na hakumwambia asali wala ale vizuri. Tangu hapo hugawana robo saa, ingawa dada huiba dakika.

Lakini wiki ina siku nyingine sita.

Jumamosi iliyopita, saa zake za Refa, alichukua simu akaandika: *Mzee, vile vya asubuhi unavikumbuka?* Akausoma ujumbe. Akaufuta, herufi baada ya herufi. Refa aliwahi kupiga mara moja tangu aondoke, kukiwa na kelele nyingi nyuma yake, wakasikilizana vibaya. Kama anakunywa vidonge vyake au hanywi, hatajua. Akaandika upya: *Hapa mvua imeanza. Huko vipi?* Akatuma.

Akaiacha simu kitandani, akatoka mbio uani kuanua nguo. Wapangaji wenzake walikuwa wameshaanua zao. Zimebaki zake tu kwenye kamba. Alipomaliza akasimama mlangoni akitazama maji yakijaza nyayo zake mwenyewe kwenye udongo, moja moja, mpaka zikawa madimbwi. Simu haikulia. Akaingia ndani, akabandika maji ya chai, kikombe cha pili na cha mwisho kwa siku ile.